Dakika Nne

Kazi yangu ni ulimi.
Hapa Mbale, nyuma ya reli iliyoota nyasi,
nina meza ya duara, vikombe kumi na viwili,
kijiko kimoja kizito, na ndoo ya kutemea.
Niletee kahawa ya Buginyanya, niletee ya Sipi,
nitakwambia mvua ilichelewa wiki ngapi,
nitakwambia mkulima aliianika juu ya udongo
maana turubai lilikwenda kufunika matanga.
Gunia halina mdomo; mimi nalisemea.

Watu, je?

Jumanne ile Nabifo, mchambuzi wa meza ya tatu,
alipitisha punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu,
nyingi, ungedhani kafanya kusudi.
Nikasema.
Nilisema kwa sauti ya kushinda mashine,
na mashine ilikuwa imezimwa.
Wanawake arobaini waliinamisha vichwa,
kila mmoja akiokoa kisogo chake.
Nabifo hakujibu. Alizirudia zile punje
moja
moja
hadi jua likatoka dirishani.

Nami nikarudi Namakwekwe nikijisifu
kwamba leo kazi nimeisimamia.

Khainza alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto.
Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza,
"Ukishamwaga maji ya moto kikombeni, unangoja muda gani?"
"Dakika nne."
"Unafanya nini humo?"
"Sifanyi kitu. Ukikigusa mapema, kinakudanganya."
Pasi ikaenda, ikarudi, kola ikanyooka.
"Kikombe unakipa dakika nne," akasema.
"Mimi sijapata hata moja."

Usiku kitu kilinikaa kifuani.
Nikakiita uchovu; hakikuitika.
Nikakiita hasira; rangi ilifanana.
Nikakizungusha ulimini, kama nifanyavyo kazini,
na kule nyuma ya koo, inakokaa ladha ya mwisho,
nikakikuta: aibu.
Miaka kumi na tisa mwonjaji,
na sikuwahi kuionja yangu.

Tuliimba shuleni kwamba hasira hasara.
Hakuna aliyetwambia ina ladha gani,
wala kwamba mara nyingi ni gamba tu,
na chini yake kuna woga umejikunyata.

Asubuhi nikavuta kigoda meza ya tatu,
nikachambua naye, kimya.
Dakika ya kwanza ilikuwa na urefu wa kwenda Soroti kwa miguu.
Ya pili nilitaka kujitetea.
Ya tatu nilihesabu punje, nikapotea hesabu.
Ya nne, bila kunitazama, Nabifo akasema,
"Macho, bosi. Tangu mwezi wa tatu naona ukungu.
Nikisema, utaniweka wapi?"

Mimi ninayesikia mvua ya Sipi ndani ya kijiko
sikusikia ukungu hatua kumi kutoka mlangoni pangu.

Miwani tulinunua. Fremu nyekundu, alichagua mwenyewe.
Niliomba radhi mbele ya wale arobaini,
maana matusi yalitolewa mbele yao.
Sauti ilinikwama katikati, mtu akakohoa kunisaidia.
Usidhani yameisha. Nabifo hunisalimu kwa kipimo,
kama anayepima sukari ya mkopo,
na ni haki yake. Kahawa husema kweli ikishapoa,
nami siwezi kupulizia moyo wa mtu.

Siku hizi hasira ikija siimezi;
niliwahi kuimeza, ikanipa vidonda vya tumbo.
Wala simtemei mtu.
Naionja, naitaja jina, ndoo ipo.
Si kila siku. Ijumaa iliyopita nilimfokea dereva wa lori
na nikajua nafoka, nikaendelea.

Lakini jana Khainza aliingia, akabamiza mlango,
akatupa mkoba kitini.
Nilikuwa na jibu, limeiva, liko mdomoni.
Nikaliacha lielee kama utando juu ya kikombe.
Dakika moja.
Ya pili.
Kabla ya tatu akavua viatu,
akakaa karibu yangu,
akaanza, "Leo ofisini..."